Mkono Mgongoni mwa Zimwi

“Wenye filamu wameisafisha mpaka inang'aa, Mzee,” alisema meneja wa ukumbi, akiegemea kiti ambacho fundi alikuwa anakishona. “Hata ule mkono wameufuta.”

Sindano ikasimama katikati ya kitambaa.

“Mkono upi?”

“Si ule wa mgongoni! Zimwi linanguruma, linataka kummeza bwana harusi, mara mkono wa mtu huoo, unalifunga zipu. Aibu tupu.”

“Lakini watu huja kuuona huo huo.”

“Watazoea,” meneja alisema, akaenda zake.

Fundi alibaki na uzi mkononi. Zimwi lile lilikuwa yeye, enzi za ujana wake, ndani ya sponji na mablanketi ya kijani, jasho likimtiririka. Mkono ulikuwa wa mke wake. Ndiye aliyelishona vazi, na zipu ilipoachia hakuweza kuvumilia kazi yake iaibike, aliupenyeza mkono huku kamera inarekodi, akinong'ona, “Inama bwana, sifiki.”

Filamu yenyewe haikumtisha hata mtoto mchanga, ila watu hawakuichoka. Walioiona utotoni sasa walikuja na wajukuu, na wote walijua kila neno. Fundi alikuja kwa ajili ya mkono tu. Nyumbani picha za marehemu mkewe zilijaa ukutani, zote zimetulia tuli. Hapa ukumbini tu ndipo mkewe aliposogea.

Jumamosi alasiri, filamu ilipoonyeshwa, nusura asiende. Kufiwa mara moja kulimtosha. Hata hivyo alikwenda, akakaa pembeni, kwenye kiti alichokishona mwenyewe.

Zimwi likanguruma, likageuka. Mgongo ukajaa kwenye pazia la sinema, na zipu ikapanda yenyewe, taratibu, kana kwamba ina mashetani.

“He! Mkono wetu uko wapi?” akafoka mama mmoja wa safu ya mbele.

“Turudishieni mkono!”

“Mfungieni jamani, atapata baridi!”

Vicheko vikalipuka. Yule mama akanyoosha mkono wake kuelekea pazia, akavuta zipu ya hewani. Jirani yake akafuata, kisha safu nzima, kisha safu za nyuma, mpaka mikono ikajaa gizani, yote ikivuta juu.

Fundi hakuinua wake. Aliinama mbele kidogo, mgongo ukaachana na kiti, akangoja.