Kigoda cha Jikoni

Mkemia alikuwa akitafuta rangi ya epoksi, ile inayonata kama gundi, itakayokauka yenyewe, bila moto wala dawa ya kuharakisha. Ya kwanza aliijaribu nyumbani, kwenye kigoda cha jikoni. Mama mkwe akakikalia, akainuka nacho, akamnunia mwezi mzima.

Leo, kurudi kutoka kazini, akamkuta mama mkwe ameketi akimenya vitunguu juu ya kigoda kilekile, alichokipaka rangi mpya jana na kukificha nyuma ya mlango. Moyo ukamlipuka.

"Mama, usiinuke!"

"Kwani siku hizi kuinuka nako kunaombewa ruhusa?" Mama mkwe akafyonya, akasimama.

Gauni likamfuata. Kigoda kikabaki chini.

Mkemia akashusha pumzi.

Mama mkwe akakitazama kigoda, akamtazama yeye. "Haya, paka na vile vingine."