Hotipoti ya Mwanachama Mwaminifu

Mimi si mtu wa kukasirika. Anayesema Shamsia ana hasira za karibu anifuate Mwembesongo ninakouzia viungo, aje aniambie mbele ya uso wangu, tuone. Ila siku ile nilikasirika, nakubali, na hasira yenyewe ndiyo iliyonifanya nimtoe Petro kwenye grupu.

Nianze na grupu. Linaitwa Shambani Mpaka Sokoni, lipo WhatsApp, na nililianzisha mimi miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya mjomba wangu Dadi. Mjomba analima ndizi Kinole, huko juu mlimani. Ndiye aliyenilea, na ndiye mkubwa wa ukoo wetu upande wa mama, maana sisi Waluguru ukoo tunauhesabu huko. Kila msimu dalali alikuwa anapanda, anamtazama mzee wa watu machoni, anampangia bei ya dharau. Nikasema basi. Wakulima waandike wana nini, wanunuzi wa mjini wasome wenyewe, huyo dalali atatia mkono wake wapi? Mwaka haukuisha tukafika watu mia nne. Mjomba ana kitochi, WhatsApp anaisikia tu, kwa hiyo humo ndani mimi ndiye mdomo wake.

Mwaka huu watu wakaanza kutoka. Leo wawili, kesho watano. Kumbe dalali naye kafungua grupu lake, na anagawa vocha za simu. Mwenzangu wa kuliendesha grupu ni Nikunj, mwenye duka la vyombo na mizani mjini, mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Akaniambia, "Dada Shamsia, mteja wangu wa zamani nikimwongezea hata kijiko cha bure, haendi kwa jirani. Tuwape zawadi waaminifu wetu." Akatoa dukani kwake hotipoti ya lita tano, ina maua mekundu ubavuni, chakula kinalala humo na asubuhi bado cha moto.

Wazo lilikuwa zuri, sina la kumlaumu Nikunj. Kanuni ndizo nilizoandika mimi. Ujumbe wa maana, pointi moja. Kuitikia salamu, pointi moja. Kutukana, unapunguziwa pointi mbili, na ukifika hasi hamsini unatolewa. Nilitaka grupu liwe na heshima zake, mtu akiingia aone watu wazima wanafanya biashara.

Sasa Petro. Petro ni Mnyamwezi, dereva wa Fuso, anabeba mazao ya watu kutoka mlimani kwenda popote. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani anakusema vibaya mchana kweupe, anaingia kwako anaondoka na jogoo, anakuita mtumwa wake, hata msibani kwako anafanya vituko mpaka apewe chake, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umemwambia kwamba yeye si ndugu. Kila alfajiri kwa miaka mitatu Petro alikuwa wa kwanza kuandika. "Amkeni, watumwa wangu wa mlimani. Nyani wameshapata kifungua kinywa kwenye mashamba yenu." Basi hapo Waluguru arobaini wanamrukia, wanamkumbusha jinsi babu zake walivyobeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikabonyea. Katikati ya fujo hiyo anawaambia gari lake linapita wapi leo, na wapi njia imeharibika.

Mashindano yakaanza. Kuna mtu anaitwa Twalibu, muuza mbegu wa Kingolwira, ambaye kabla ya hapo sikujua hata kama yumo. Akaanza kuandika "Ahsante kwa taarifa" chini ya kila kitu. Bei ya nyanya, ahsante kwa taarifa. Mvua imebomoa kivuko, ahsante kwa taarifa. Mtu akatangaza kafiwa na baba mkwe, Twalibu huyo, ahsante kwa taarifa. Mwezi ulipoisha alikuwa na pointi mia nne na kumi na mbili. Petro alikuwa na hasi themanini na sita.

Nikunj akanipigia simu. "Dada, huyu si mtani wako?"

"Nikunj, kanuni ni kanuni."

Kusema kweli haikuwa kanuni. Asubuhi ile Petro alikuwa ameandika kwamba Shamsia siku hizi ni mkuu wa wilaya ya watu mia nne na mikungu yao, tumwekee bendera na askari pale kwenye meza ya bizari. Watu tisini walicheka. Tisini, nilihesabu. Nikambonyeza nje, nikaenda kumkabidhi Twalibu hotipoti, nikapiga picha nikairusha kwenye grupu. Twalibu akaandika, ahsante kwa taarifa.

Baada ya hapo heshima ikaja kweli. Hakuna tusi, hakuna kelele, watu wanasalimiana kama wako benki. Mimi nikaona mambo yamenyooka. Wiki ya tatu Jumanne nikaandika kwamba Mzee Dadi wa Kinole ana mikungu mia na ishirini, wanunuzi wafike Jumamosi. Nikampigia mjomba nikamwambia akate. Mjomba hakuuliza mara mbili. Jumatano asubuhi aliita vijana wakakata yote.

Jumatano jioni nikatazama waliousoma ujumbe wangu. Kumi na wanne. Katika watu mia nne, kumi na wanne, na mmojawao Twalibu, mnajua alichoandika. Nikampigia Halidi, mnunuzi mkubwa wa Msamvu, nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Dada, usinielewe vibaya. Mimi nilikuwa nafungua humo asubuhi kumsoma Petro. Nikishacheka ndiyo nasoma bei. Sasa nifungue nikasome nini?"

Ndizi ikishakatwa haikungojei. Dalali alishapita Kinole, kamwambia mjomba hata bure hachukui, awapelekee watu wa WhatsApp. Ikabidi nimweleze mjomba yote, mpaka la Petro.

"Umemfukuza mtani," akasema. Hata hakuzitaja ndizi. "Nami mzee hivi. Siku nikifa, nani atakuja kulalia jeneza langu akatae lisitoke mpaka apewe chake? Nizikwe kimya kimya kama mtu asiye na watu?"

Usingizi wa siku hiyo haukuwa usingizi.

Alhamisi asubuhi nikamfuata Petro kwa fundi matairi nyuma ya stendi ya Msamvu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeyapanga na majibu. Petro aliponiona akasimama, akafuta mikono kwa kitambaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Petro ana miaka hamsini na tatu. Mimi nina arobaini na moja. Nimwitikie marahaba nionekane sina adabu, au nisimwitikie nionekane sina adabu zaidi? Madereva wenzake wote wameacha kunywa chai wanatutazama. Nikasema, "Petro, acha hizo." Akasema, "Karibu kiti, dada. Samahani, kina vumbi."

Nikaamua kumwanza mimi. Nikamwambia Fuso lake lina sura ya babu yake, limebonyea juu na linanuka jasho. Wale madereva walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Petro akasema, "Umesema kweli, dada yangu. Nitalipeleka gereji." Nikamwambia kwao maji wanayaona kwenye kalenda. Akasema, "Ni changamoto, serikali inalifanyia kazi." Nilitamani anipige kofi. Hakuna kitu kinauma kama mtani kukuheshimu, ni kama kufungiwa mlango na mtu huku anatabasamu.

Basi nikaacha mchezo, nikamwambia ukweli. Nimekosa. Ndizi za mjomba ziko chini na hakuna anayejua. Nikatoa simu palepale nikamrudisha kwenye grupu. Akatazama simu yake muda mrefu, akaandika taratibu kwa kidole kimoja, kisha akaniaga kwa heshima zote akaingia chini ya gari.

Nilisoma nikiwa njiani. "Ndugu wanachama waheshimiwa, natumaini mu wazima. Kwa unyenyekevu nawajulisha kuwa Mzee wetu Dadi wa Kinole ana mikungu mia na ishirini. Atakayeguswa afike Jumamosi. Ni mimi mdogo wenu, Petro."

Grupu likalipuka. Petro anaumwa? Petro kashikwa na polisi, nani ana simu yake? Mtu mmoja akasema kamwona hai Msamvu, mwingine akasema huyo si yeye, ni mzimu wake. Kufika adhuhuri watu mia tatu walikuwa wameusoma, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa anauliza Petro kapatwa na nini, kila mmoja alikuwa anaambiwa habari za ndizi. Halidi akaniandikia pembeni kwamba anachukua mikungu themanini. Iliyobaki iligombewa.

Jumamosi magari yalipanda Kinole, na la kuubeba mzigo wa Halidi lilikuwa Fuso la Petro. Nilifurahi, kisha nikaona furaha imefika nusu tu. Alisalimia kila mtu. Alipakia bila neno. Kuku wa mjomba walipita miguuni pake akawapisha. Mjomba alimtazama, akanitazama mimi, akasema mgeni hashuki mlima na njaa, nikasonge ugali.

Nikasonga nikiwa na mawazo yangu. Nikaweka na mboga ya kisamvu, nikamnawisha Petro mikono mwenyewe. Mjomba akamega. Petro akamega, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Mimi nimesimama na jagi la maji mkononi, moyo unanidunda kwa ajili ya tonge la ugali, mtu mzima mimi.

Petro akameza kwa taabu, akamgeukia mjomba.

"Mzee Dadi, huyu mpwa wako mlimwokota wapi? Miaka thelathini nabeba mizigo, saruji nimebeba, nondo nimebeba. Kitu kizito kama huu ugali sijawahi kukibeba."

Mjomba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi niliingia jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikalia. Wiki tatu na siku mbili mtani wangu alikuwa hajanitukana. Nilipomaliza nikafuta uso kwa kanga, nikachota bonge jingine kubwa kuliko la kwanza, nikaenda nikambwagia kwenye sahani, nikamwambia ale lote afe hapohapo, mazishi yake nitayasimamia mimi.