Macho ya Mdoli

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kama mafundi wengi ninaowajua, anaamini kila kitu kina umbo lake na kikipinda kinanyooshwa. Mdogo wangu alipopata mimba ya tatu, shemeji huyo, mumewe, aliwaletea zawadi watoto wao wawili: mvulana lori la bati, msichana mdoli. Mdoli mwenyewe hakuwa wa kubahatisha. Ukimlaza anafumba macho, ukimwinua anayafumbua, na kope zinagonga kwa mlio mdogo. Hata mimi na utu uzima wangu nilimlaza na kumwinua, nikacheka.

Msichana alikuwa na miaka saba, tukimwita Kipusa. Kaka yake alikuwa na miaka kumi, mtoto mkimya, mpenda kuchunguza. Ndiye aliyempindua mdoli kutafuta kinachoyafumba yale macho. Alipokosa jibu alimweka begani, akampigapiga mgongo taratibu, kwa upole ambao sijauona kwa wanaume wengi wenye ndevu. Baba yake akamkuta hivyo.

"Kumbe nimezaa yaya," akasema. "Haya Yaya, mtoto ameshakula?"

Alicheka, wala hakuwa na hasira. Hilo ndilo linalonikata maini, kwa sababu angempiga tungepata la kumwambia. Kesho yake aliwasimulia vijana wake wa karakanani, nao wakalidaka. Ikawa mtoto akipita pale akitoka shule, mmoja anabana pua na kuuliza kwa sauti ya kike, "Yaya, mtoto kalala?" Mtoto akabadilisha njia. Mdoli hakumgusa tena. Alishinda uani akiburuta lori lake bila hata kuigiza mlio wa injini, na baba akaridhika kwamba amenyooka.

Kipusa yeye alimwagiwa sifa. Alimfunga mdoli mgongoni kwa kipande cha shuka, akamwogesha, akamlisha majani, akamfunika gubigubi. Bibi yao, mama mzazi wa shemeji, alikuwa akiishi nao, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

"Huyu ni mlezi wa kuzaliwa," bibi alikuwa akisema. "Mtazameni mtoto wake alivyotulia."

Alitulia, ndiyo. Mdoli angefanya nini kingine? Lakini katika nyumba ile mtoto kutulia ndicho kilikuwa cheti cha mlezi bora, na Kipusa alikipokea cheti hicho kwa mikono miwili.

Mtoto wa kweli akazaliwa, wa kiume, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mdogo wangu akarudi kwenye kiwanda cha mikate na bibi akabaki kulea. Bibi akiwa jikoni, Kipusa alimshika mtoto. Akinyamaza, sifa. Akilia, bibi alikuja mbio kumchukua na Kipusa akanywea kama aliyefeli mtihani.

Jumamosi moja jino lilimzidia bibi, akaamua kwenda kuling'oa. Mama wa watoto alikuwa kiwandani, baba yuko karakanani, kona ya mtaa uleule.

"Chupa iko mezani," bibi alimwambia Kipusa. "Mtoto ana mafua kidogo, mfunike vizuri. Na asilielie."

Mvulana alikuwa amekaa kizingitini akirekebisha gurudumu la lori. Mkubwa kwa dada yake kwa miaka mitatu, na hakuachiwa neno. Bibi alimruka, akashika njia.

Mimi ni dobi, na shuka za mdogo wangu nazifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Adhuhuri nilizipeleka. Mvulana alikuwa palepale kizingitini, lori mapajani, mkononi ana kipande cha waya mpya unaong'aa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona kimya hivi? Mtoto yuko wapi?"

Aliutazama ule waya.

Chumbani nilimkuta Kipusa amesimama kando ya kitanda. Alikuwa amemfungafunga mtoto kwenye mablanketi mawili, uso tu unaonekana, umelowa jasho. Akamlaza taratibu. Akamwinua. Akasubiri. Akamlaza tena.

"Alikuwa analia sana, mama mkubwa, nikamtuliza," akaniambia. "Ila sasa nikimwinua hafumbui macho."

Akamwinua tena, nione.

Nilimnyakua. Alikuwa anachoma kama pasi yangu, na shingo haikushika kichwa. Nilitoka naye mbio, miguu peku, nikipiga kelele mtaa mzima. Shemeji alinikuta njiani akiwa bado na glavu mikononi, akatupakia kwenye gari la mteja. Hospitali walisema ni homa kali na degedege, na kwamba angefika mapema kidogo wangekuwa na la kufanya. Mdogo wangu aliingia wodini na aproni yake yenye unga. Tayari walikuwa wamemfunika mtoto uso.

Msibani kila mtu alitaka kumhoji Kipusa. Ulimfunika na nini? Alilia mpaka saa ngapi? Kwa nini hukumwita mtu? Wanawake wenye akili zao walimkalisha kwenye mkeka, mtoto wa miaka saba, wakamwuliza alimfanya nini mdogo wake. Bibi, shavu limevimba, alirudiarudia, "Nami nilivyomwamini." Mlezi wa kuzaliwa hakutajwa tena. Kipusa akaacha kusema. Mtu mmoja, sitaki kumkumbuka ni nani, akashauri apewe mdoli wake atulie, na akapewa.

Mvulana hakuna aliyemwuliza lolote. Alitumwa nje akacheze.

"Afadhali huyu wa kiume," nilimsikia shemeji akiwaambia waombolezaji wenzake. "Yeye siku ile alikuwa na shughuli zake. Alikuja hadi karakanani kuniomba waya."

Aliutaja waya kwa fahari kidogo, nao wakaitikia kwa vichwa. Mtoto yule alikuwa ameikimbia karakana ile miezi kadhaa. Alifuata waya upi?

Baada ya msiba nilimchukua nyumbani kwangu kwa kisingizio cha kunisaidia kukunja nguo. Tukakunja. Sina mdomo wa kubembeleza, nikamwuliza moja kwa moja.

"Alikuwa wa moto," akasema, macho kwenye shuka. "Nilimgusa. Macho yalikuwa yanageuka juu. Nikamwambia Kipusa tumfunue, akasema niache, atalia tena na bibi atamsema. Nikakimbilia kwa baba."

"Ukafika?"

"Nikafika. Wale kaka walikuwepo wote. Mmoja akaniuliza, Yaya, mtoto kalala? Wakacheka." Alikunja kona ya shuka, akaikunjua. "Baba naye akacheka. Halafu akaniuliza nataka nini. Nikasema waya."

Nilizima pasi. Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba. Nikamshika mkono, tukaenda.

Shemeji alikuwa ameinamia geti, cheche zinaruka. Nikasimama mbele yake mpaka akazima mashine na kuinua kinyago.

"Karibu shemeji. Kuna nini?"

"Mwulize mwanao siku ile alikuja kufuata nini."

"Si waya? Nilimkatia mwenyewe."

"Mwulize."

Akamwuliza, nusu kwa mzaha, vijana wakisikiliza. Mtoto alisema yote, kwa sauti ileile ya chini, bila kuruka hata swali la yule kijana. Kijana mwenyewe alishika nyundo, akaiweka chini, akashika tena.

"Si ungesema tu, mwanangu," shemeji akasema. "Ningekuja mbio. Wallahi ningekuja."

"Ulicheka, baba."

Mtoto akaingiza mkono mfukoni, akautoa ule waya. Haukuwa umepindwa popote. Akauweka juu ya meza ya chuma kati yao.

"Sikuwa nauhitaji," akasema.

Shemeji aliutazama waya. Akavua glavu moja, akasahau kuvua nyingine. Nilitamani alie, niseme ukweli, nilitamani aanguke pale chini mbele ya vijana wake. Hakuanguka. Aliuliza kitu ambacho hakuwa amekiuliza tangu siku ya mazishi.

"Kipusa yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini kaka yake akawahi.

"Yuko kitandani," akasema. "Anamlaza mdoli na kumwinua. Kutwa nzima. Kila mdoli akifumbua macho, Kipusa analia."