Kaeni Kawaida

Mtaani kwetu wananiita Kidevu. Changu hakina kasoro yoyote, tusianze maneno. Jina limetokana na kazi. Kila harusi niliyopiga picha, watu walinisikia nikipaza sauti: "Kidevu juu! Wewe, kidevu chini kidogo! Bwana harusi, mkono kiunoni kwa mwenzio, siyo mfukoni!" Nikimaliza kuwapanga, ukoo mzima umesimama kama chupa kwenye rafu, umenikodolea macho mimi. Waliondoka wameridhika, nami pia.

Siku moja akaingia studio binti mmoja, akanipa shikamoo ya harakaharaka ya mtu mwenye lake moyoni. Alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Nikamsogezea albamu za mfano. Akafunua kurasa kadhaa kwa adabu, akaifunga.

"Dada, ni nzuri. Lakini mimi sitaki hizi."

"Zina nini?"

"Kila mtu anakutazama wewe. Mimi nataka usimpange mtu. Usituite, usituhesabie moja mbili tatu. Wewe zunguka tu, piga yanayotokea."

"Na yasipotokea?"

"Hata hayo piga."

Sitaficha, nilikasirika. Mtu anakuja kazini kwako kukuambia usifanye kazi! Nikamwambia mimi si wa kuvizia watu, na kama anataka picha za hivyo, ampe simu binamu yake yeyote apige bure. Hakununa. Alicheka, kisha akakaa kwenye stuli ninayowakalisha watu wa picha za pasipoti, akaniambia sababu.

"Wazazi wangu waliachana nikiwa bado nanyonya. Nimelelewa nyumba mbili. Sijawahi kuwasikia wakigombana, kwa sababu sijawahi kuwaona pamoja. Mahafali yangu, mmoja alikuja asubuhi, mwingine jioni. Nikilazwa hospitali, mmoja anaingia, mwingine keshatoka. Mpaka umri huu, dada, sijui wale watu wawili wakiwa chumba kimoja wanakuwaje. Siku ya harusi watakuwepo wote wawili. Nataka kuwaona."

"Si una macho?"

"Nitakuwa nimewekwa mbele kama keki. Na wakijua nawatazama, watajikausha. Ukiwapanga ndiyo kabisa."

"Na wakikaa mbalimbali mpaka mwisho?"

"Basi nitajua hivyo. Ila nijue."

Aliponiambia hivyo, hasira ikaniisha, udadisi ukachukua nafasi yake. Na mimi nikataka kujua. Tukakubaliana.

Kazi niliyoiita ya binamu mwenye simu ikanitoa jasho. Nilianza kujifunza kwa mume wangu, akiwa anakula. Akaniona, akaanza kutafuna kwa heshima, kidole kimoja juu. Nikajifunza kuzima flashi, kuvaa viatu visivyolia, kuacha kamera ining'inie kifuani huku nazungumza mambo ya maji na umeme mpaka mtu asahau kwamba ninayo. Lililonishinda zaidi ni kusubiri. Mtu anayepanga watu hasubiri kitu; anaamrisha, anabonyeza, anaita wengine. Sasa nilitakiwa nifunge mdomo, na mnajua mdomo wangu.

Siku ikafika. Nilipoingia ukumbini, nikakuta balaa ambalo sikulitarajia. Bibi harusi alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba leo picha ni za kawaida, kila mtu akae kawaida. Shangazi yake, dada wa baba, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alilichukua neno hilo kama amri.

"Anakuja, anakuja! Kaeni kawaida!" alikuwa anapita meza kwa meza. "Wewe, mchekee mwenzio. Siyo hivyo, unaonyesha ufizi! Nyie wawili mbona mmenyamaza? Ongeeni!"

"Tuongee nini?"

"Chochote! Mambo ya kawaida!"

Basi ukumbi mzima ukawa unafanya ukawaida. Wazee wawili waliinamiana wakawa wanaitikiana "ehee, ehee" bila yeyote kati yao kusema neno. Bibi mmoja, aliyeagizwa anong'one, alikuwa ananong'oneza kiti kitupu. Sijawahi kuona watu waliopangwa kama wale, na mimi ndiye Kidevu.

Nikamvuta shangazi pembeni, nikamwambia kwa siri kwamba keki haina mlinzi na nimeona vidole vya watu. Akatoka mbio. Baada ya muda watu walichoka kuwa kawaida, wakawa kawaida kweli, na picha zikaanza kuja zenyewe. Ya kwanza nzuri ilikuwa ya shangazi mwenyewe akilamba sukari ya keki anayoilinda.

Lakini jicho langu lilikuwa kwa wale wawili. Mama wa bibi harusi alikaa karibu na mlango wa jikoni, mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka. Baba alikaa dirishani, upande wa pili kabisa, koti jipya likimbana mabegani. Mmoja akiinuka, mwingine anakaa. Mama akienda kusalimia meza za kulia, baba anakumbuka ana wageni kushoto. Hawakugongana hata mara moja. Nikaanza kujiuliza: utamkwepa vipi mtu vizuri namna ile, bila kujua kila dakika yuko wapi? Mbele kule, binti yao alikuwa ananitupia jicho, nami natikisa kichwa: bado.

Muda wa hotuba ulipokaribia, baba alitoka akaenda kwenye ujia wa nyuma, palipopangwa viti vya ziada, akawa anajisomea hotuba yake kwa sauti ya chini. Nikamfuata, nikajibanza nyuma ya viti. Mlango wa jikoni ukafunguka, mama akatoka. Akamwona, akampita. Nikasema moyoni basi, imekwisha. Kisha nikasikia viatu vyake vikisimama, vikirudi.

"Wee mzee. Mkono huo."

Baba alishtuka. "Mkono una nini?"

"Lebo. Umeiacha."

Kwenye mkono wa koti, karibu na vifungo, kile kitambaa cha jina la kiwanda kilikuwa bado kimeshonewa.

"Si ndivyo lilivyokuja? Nilidhani ni pambo."

"Pambo! Usimame mbele ya wakwe wakusome mkono?"

Hakukuwa na mkasi. Mama akaushika ule mkono, akainama, akaanza kukata uzi kwa meno. Na baba, bila kuambiwa, akauinua mkono mpaka usawa wa mdomo wa mama ili asiiname sana, akageuza uso ukutani.

"Ukilitafuna koti utalilipa."

"Nyamaza."

Baba alikuwa anatabasamu na ukuta. Nikabonyeza. Kamera ikalia, mlio mdogo tu, lakini ujia ulikuwa kimya.

Wakati huohuo sauti ya shangazi ikamwita baba, zamu yake imefika. Akaondoka haraka na karatasi yake. Mama akabaki na ile lebo mkononi, akanigeukia.

"Umepiga?"

"Nimepiga, mama."

"Futa."

Nikaona haya mpaka masikioni. Watu niliozoea kuwapanga walinipa sura waliyotaka kunipa, hakuna aliyewahi kuniomba nimrudishie. Hii nilikuwa nimeichukua. Na papo hapo roho iliniuma kuiachia, maana ndiyo ile ile binti aliyoiomba.

Nikamkabidhi kamera. "Itazame kwanza. Ukisema tena nifute, nafuta mbele yako. Lakini jua kwamba bibi harusi ndiye aliyeniagiza. Anasema hajawahi kuwaona ninyi wawili pamoja."

"Hajawahi?"

"Hata siku moja. Anataka tu kujua mnakuwaje."

Mama aliishika kamera kwa mikono miwili. Aliitazama picha kwa muda, akaileta karibu na macho. Ukumbini kipaza sauti kilipiga kelele, kikatulia.

"Sisi tulidhani tunamwepusha," alisema. "Tukigombana, asione. Halafu hata ugomvi ukaisha, tukaendelea tu." Akafuta jicho kwa kiganja. "Na huyu naye, tazama alivyogeuza shingo. Utadhani anachomwa sindano."

"Nifute?"

Akanirudishia kamera. "Aonyeshwe kwenye picha, na wenyewe tupo hapa?"

Akaingia ukumbini. Nikamfuata mbio, safari hii bila kujali viatu.

Baba alikuwa amesimama mbele, karatasi mkononi. "Nina furaha kubwa leo," alikuwa anasoma, "ya kumwoza binti yangu. Binti yangu huyu..."

Mama alipita katikati ya meza zote. Watu wakaacha kutafuna. Shangazi alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile hakikutoka kitu. Mama akafika mbele, akasimama ubavuni kwa baba, mikono ameikunja, akatazama ukumbi.

Baba akamwona. Akapoteza mstari. Akatafuta kwenye karatasi, akageuza nyuma, hakuna kitu, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akasogea nusu hatua kumpa nafasi.

"Tuna furaha," alisema. Akakohoa. "Tuna furaha kubwa ya kumwoza binti yetu."

Kamera yangu ilikuwa tayari imewaelekea wao. Sijui nini kilinigeuza. Niligeuka nikampiga bibi harusi, naye hakuniona kabisa. Alikuwa amemshika mumewe mkono kwa nguvu, machozi yanashuka, macho hayapepesi, na midomo yake niliisoma wazi kupitia lenzi.

"Kasema yetu."