Blanketi Chini ya Mashine

Mwaka 1974, nyumba za kijiji kipya zikiwa bado zinajengwa Yaeda Chini, nilikuwa mhudumu wa zahanati kule Daudi. Siku hiyo tulikuwa tukienda huko, watatu ndani ya gari la mradi wa chanjo: Didas dereva, Bwana Urban mganga aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kupakata sanduku la chanjo ya surua.

Barafu ya sanduku ilikuwa kidogo. Bwana Urban alitegemea mashine ya kupoza hewa, iliyofungwa mbele ya magoti yangu, ilipulizie sanduku baridi.

"Kipimajoto cha sanduku kikifika mstari mwekundu," alisema, "chanjo imekufa, na watoto wa kule tumewachoma sindano bure."

Tulipofika bondeni hewa ilipungua, halafu ikakatika. Feni ilisikika inavuma, ila ukiweka mkono mbele yake hupati kitu.

Didas alisimamisha gari chini ya mgunga. Akatazama fyuzi, nzima. Akafungua boneti, akabonyeza mkanda, haukulegea. Akashika bomba la mashine, akaondoa mkono upesi.

"Baridi ipo, Bwana mganga. Tena nyingi. Haitoki tu."

"Haitoki kwa sababu uliichezea. Jana nilikuona na bisibisi."

"Jana nilikaza kioo."

"Utaeleza wilayani. Naandika hapa: uzembe wa dereva. Urudi ukachunge ng'ombe wa baba yako."

"Aliwauza nikasomee udereva," alisema Didas. Hakucheka. Alikuwa na mke na watoto wanne.

Alianza kufungua skrubu za mashine, na kipimajoto kilikuwa kimebakiza mistari miwili. Nilikuwa nasali rozari, nikaishia katikati, maana nilikumbuka.

Kwetu Nambis nyumba imechimbwa kwenye mlima. Ukiona tundu linapitisha upepo unaliziba kwanza, ndipo unakaa. Hakuna anayekutuma. Alfajiri ile, tulipoondoka, miguu yangu ilipata baridi garini, nikaona wavu chini ya mashine, nikasema upepo unaingilia hapa. Nikaushindilia blanketi la marehemu mume wangu.

"Didas, acha hiyo skrubu," nilisema. "Tazama huku chini. Ni mimi."

Alivuta. Blanketi likaja, likaja tena. Nyuma ya wavu barafu nyeupe ilikuwa imejaa.

"Mama Zita, shikamoo tena!" alisema. "Inavutia hewa hapa, inatolea pale. Umeiziba pua, imeganda."

Alizima upande wa baridi, akaacha feni peke yake. Maji yakaanza kudondoka miguuni. Vipande vya barafu vilivyoanguka nilivifunga kwenye kanga, nikaweka juu ya sanduku. Tukangoja karibu nusu saa. Hewa ikarudi kidogo kidogo, kisha yote. Didas akawasha baridi. Mshale wa kipimajoto ulisimama nusu mstari chini ya ule mwekundu.

Bwana Urban alikuwa bado ameshika karatasi yake.

"Andika jina langu," nilimwambia. "Hayo ya Didas yafute."

Alinitazama, kisha akapiga mstari juu ya maneno yale. Langu hakuliandika. Akasema twende, watoto wanangoja juani.

Tulichanja watoto mia moja na kumi na wawili.

Wakati wa kurudi, tulipoanza kupanda mlima, baridi ilitukuta. Didas alizima mashine, akanipa blanketi, bado lina unyevu.

"Jifunike, mama. Ila pua ya gari uiache."