Yowe Kutoka Jabalini

Mimi sikuzaliwa kupanda milima bure. Kwetu mtu akipanda mlima hurudi na kuni, au ng'ombe aliyepotea, au angalau habari. Lakini daktari alimwambia Mokami, jirani yangu pale Tarime mjini, kwamba presha yake inataka matembezi, naye akaniburuta mimi Adoyo, fundi cherehani mwenye miguu iliyozoea pedali tu. Basi kila Jumamosi pikapu inatushusha barabarani, tunapanda huku nikilalamika, tunakaa juu ya jabali, tunakunywa chai ya chupa na kutazama nchi kama watalii waliosahau kamera.

Na nchi ilipendeza, siwezi kuisingizia. Mto Mara ulionekana kwa mbali, na ng'ombe wametapakaa hadi macho yanachoka. Ila bonde lililokuwa chini yetu lilikuwa limetobolewa lote. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani; walimu waliacha chaki, vijana waliacha mifugo, na kila mwenye sururu alikuwa na duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo. Waitara, mtoto pekee wa Mokami, alikuwa na lake chini ya jabali letu. Mokami alisema anapanda kwa ajili ya presha. Mimi nilijua anapanda ili amwone mwanawe.

"Yule pale, shati jekundu," alisema Jumamosi hiyo. "Wenzake wamekwenda kula, yeye anaingia tena. Huyu mtoto hashibi?"

"Ugali ameshiba, Mama Waitara. Dhahabu ndiyo bado."

Tulikuwa tungali tunacheka ukingo wa duara ulipolegea, ukaingia ndani taratibu, vumbi likapanda. Hatukusikia kitu, maana tulikuwa juu mno. Vumbi lilipotulia, mahali pa shimo palikuwa na udongo mtupu, na hakuna mtu bondeni aliyegeuza shingo. Wenzake walikuwa kwa mama ntilie, nyuma ya rundo la mawe, wanakula.

Mokami alisimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe. Lilikuwa lile yowe fupifupi la kukatwa kwa kiganja, ambalo mtoto wa Kikurya hulijua kabla hajajua kuhesabu. Likisikika, mwanamume haulizi, anakimbia.

Wakasikia. Niliwaona wakitupa sahani na kuchomoka, nikapiga makofi kwa furaha. Kisha nikaona wanakokimbilia. Walikimbilia majumbani, wakatoka na pinde na mikuki, wakakata bonde kuelekea mapito ya Kenya. Maana yowe la namna ile, likitoka juu ya mlima mchana kweupe, huko lina maana moja tu: ng'ombe wameibwa, na aliye juu amewaona wezi.

"Siyo huko! Rudini! Duara limeanguka!" Mokami alipaza sauti, lakini upepo uliyala maneno. Akarudia yowe. Kadiri alivyolipiga ndivyo walivyozidisha mbio.

Nilimziba mdomo kwa mkono wangu. "Yawa, nyamaza! Unawafukuza!"

Tukateremka, mara kwa miguu, mara kwa makalio. Nililaani njia nzima: daktari, ng'ombe, wezi, na lile jabali lililotuonyesha kila kitu na kutuweka mbali na kila kitu.

Tulimkuta mama ntilie peke yake, anaokota sahani zake. Hakujua lolote. Sururu zilikuwa zimefukiwa humo humo pamoja na Waitara, kwa hiyo tulichimba kwa vifuniko vya sufuria, halafu kwa kucha. Na chini kulikuwa na mlio, jiwe linagonga gogo. Mokami alilala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye udongo.

"Mura, kijana wangu, wanaume wanakuja! Ngoja, mura!"

Akajibiwa. Tukachimba kama wendawazimu. Baadaye ule mlio ukawa wa kusitasita, tukawa tunasimamisha mikono ili tuusikie, na kila tukisimama tunajilaumu. Mwishowe tukasimama, tukasikiliza, hatukusikia kitu. Mokami aliendelea kuchimba na kumwambia wanaume wanakuja.

Walikuja jua limeshainama, wamelowa jasho, wengine wanacheka kwamba hawakuona hata alama ya kwato.

"Ng'ombe ni za nani?" aliuliza Ezra, mkubwa wa wachimbaji. Kisha akatuona mikono, akaangusha upinde.

Wanaume wengi wenye nguvu hawakuchukua muda. Walimtoa Waitara akiwa bado na joto, na hilo joto ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ezra alichuchumaa kando ya maiti. Si mtu mbaya, alikuwa analia.

"Mama Waitara," alisema, "si ungelia tu kile kilio cha msiba? Tungekuja moja kwa moja huku mashimoni."

Mokami alikuwa anamtoa mwanawe udongo masikioni kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa hajafa," alisema.