Draiva ya Maua ya Mama

Mume wangu ni mtu wa polepole. Akienda kununua viatu, mwenye duka hufunga akaenda kula, akarudi na kumkuta bado anazikunjakunja soli. Mimi ni mshona nguo, na mikono yangu haijui kungoja. Tumeishije nyumba moja bila kutoana roho, Mungu ndiye anayejua.

Basi kompyuta inayoendesha cherehani yangu ya kutarizi ikafa. Kufa kwake hakukuniuma. Kilichoniuma ni maua. Mama yangu aliyachora mwenyewe kwenye karatasi, kisha yakaingizwa humo. Karatasi mchwa walishazila, na mkono wa mama siku hizi unatetemeka hata kikombe kinamshinda. Maua yote yalibaki kwenye diski mbili za kompyuta ile, nakala hakuna. Ndiyo, najua. Mume wangu ameshanisema, inatosha.

Akatafuta kompyuta nyingine, akahamishia humo diski zote mbili pamoja na kadi yake, kile kidude kinachoziunganisha zionekane kama diski moja. Akaanza kuweka mfumo wa kuendeshea kompyuta, ule wa bure unaojengwa na watu wa kila mahali na kugawiwa yeyote. Mfumo ukamtaka achague draiva, yaani programu inayojua kuzungumza na kadi ya aina hiyo. Zilikuwa nyingi. Akachagua kwa kufuata jina lililobandikwa kwenye kadi.

Skrini ikaandika: diski mbili, zote tupu. Nizisafishe tuanze upya?

Moyo ukanilipuka paa! Mama, aliyekuwa dirishani akikunja vitambaa, akaacha kukunja.

"Haziko tupu," mume wangu akasema. "Draiva ndiyo haielewi inachokitazama. Ingekuwa draiva sahihi, tungeona diski moja."

"Si ubonyeze ndiyo, labda itafunguka!"

"Nikibonyeza, maua ya mama kwaheri."

Nikaurudisha mkono wangu. Ulishafika karibu kabisa na kibodi, sitadanganya.

Akazima, akaichomoa kadi, akalisoma lile jina mara nyingi, utadhani litaona aibu libadilike.

"Jina ni hilihili," akasema.

"Hiyo si karatasi tu imebandikwa?"

"Ni lebo ya kampuni, mama watoto."

"Baba watoto, mimi nina boksi zima la lebo. Mteja akitaka jina la duka lake, namshonea jina la duka lake. Lakini nguo ameshona nani? Bandua!"

"Nikiharibu kilicho chini?"

"Bandua, au nibandue mimi."

Akabandua kwa ukucha, taratibu, mpaka nikatamani kupiga kelele. Chini yake, kwenye kipande cheusi, palikuwa na jina jingine kabisa, herufi zake kama chembe za mchanga. Nikamvika miwani yangu ya kutungia uzi. Akalisoma, akairudisha kadi, akachagua draiva ya jina hilo.

Diski moja. Na ndani yake, folda: Maua ya Mama.

Mama akaja kwa hatua zake ndogo, akaligusa ua la kwanza kwenye skrini. "Hili nililichora umelala mgongoni kwangu," akaniambia. Nikalia, nani wa kunikataza?

"Haya, weka huo mfumo wako nikashone," nikasema huku napenga kamasi.

"Bado. Kwanza nayasoma na kuyanakili yote. Kuandika chochote humu ni baadaye."

Hapo nikakumbuka alivyokuwa akija nyumbani kwetu kunisalimia, anakunywa chai, anaondoka, hasemi neno, mpaka shangazi zangu wakaamua kwamba anapenda chai tu. Nikamuuliza mbele ya mama: kuniposa mimi, ulikuwa unasitasita nini muda wote ule?

Hakuondoa macho kwenye skrini.

"Sikuwa nasita," akasema. "Nilikuwa nasoma."

Mama akaangua kicheko. Mimi nikavuta kiti, nikakaa karibu yake, nikangoja.